Mama Turubai Anajibu: Hema la Kurusha na Mvua ya Alfajiri

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu mwishoni mwa safu hii: kwamba nimepita kwenye maonesho ya biashara viwanja vya Furahisha, Kirumba, na kwamba kuna banda la vifaa vya kambi lililonishika saa tatu nzima hadi chai ya jioni ikanipita. Mistari hiyo miwili imeleta barua nyingi kuliko zipu zote nilizowahi kuzijibu. Basi ninyi wa zipu na wa maturubai ya harusi mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi nashona na kuziba mahema Mabatini, Mwanza, mwaka wa thelathini sasa. Kazi nilifundishwa na baba mkwe, aliyekuwa akishona matanga ya mitumbwi Nansio. Sina duka la vifaa vya kambi, wala mwenye duka hanilipi.

*Shikamoo Mama Turubai. Mimi ni mwalimu na mlezi wa skauti. Desemba tunapeleka vijana 24 kambini kando ya ziwa, siku tatu. Pale Furahisha niliona yale mahema ya kurusha, yanafunguka yenyewe kabla hujasema moja mbili. La watu watatu ni shilingi 95,000, na muuzaji anaapa hayapitishi maji. Kamati imeshachanga. Ninunue manane?*
*Mwalimu, Misungwi*

Marahaba mwalimu. Usinunue manane. Usinunue hata moja, labda uwe unataka kivuli cha kukalia ufukweni mchana mkisubiri sato aive.

Nilikuwepo kijana wa banda alipolirusha. Lilitoka mkononi likiwa duara mfano wa ungo, likajipindua hewani, likatua likiwa hema. Watu wakapiga makofi, naye akarusha jingine. Wenzangu walikuwa wanasifia mlango. Mimi niliingia ndani, nikalala chali, nikatazama mshono wa paa. Ilikuwa saa nane, jua kali, na matundu ya sindano yalionekana moja moja kama nyota. Kila tundu la sindano ni tundu la maji, mwalimu. Ndiyo maana kiwanda kinachojua kazi hubandika utepe wa plastiki juu ya mshono kwa ndani, kwa joto, na ukiupapasa kidole kinateleza. Hapa kidole changu kilikutana na uzi mtupu.

Nikamwomba yule kijana maji. Alikuwa na chupa yake ya kunywa, lita moja na nusu, akanipa shingo upande. Nikamwambia aingie ndani akae, nikamimina taratibu juu ya mshono huku nahesabu kwa sauti. Kwenye kumi na saba aliguna. Tone lilikuwa limemwangukia shingoni. Sikumlaumu, yeye kaajiriwa kurusha.

Kisha nikatafuta kile kibandiko cheupe kinachoshonwa ndani karibu na mlango, ambacho wanunuzi hukidhani ni maelezo ya kufua. Kiliandikwa 800 mm. Namba hiyo hupatikana hivi: kitambaa kinabanwa, maji yanasimamishwa juu yake na kuongezwa kimo polepole hadi matone yatokeze upande wa pili. Kwa hiyo hiki kilivumilia maji ya kimo cha sentimita 80, halafu kikasalimu amri. Mahema ya mvua huko Ulaya kwa kawaida huanzia 1,500 kwa paa, na sakafu hupewa 3,000 au zaidi, maana mtu akipiga goti juu ya ardhi mbichi anayasukuma maji kuliko mvua inavyoyasukuma.

Mvua yetu unaijua, na Desemba vuli haijakwisha. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Upepo unatoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya ziwa, unakutana huko, unapanda juu, na ngurumo zinaanza watu wamelala. Baba mkwe alikuwa hagusi tanga kabla ya kutazama upande wa ziwa saa kumi alfajiri. Mvua ya namna hiyo ina tabia ya kuja na upepo wake, inapiga ubavuni na siyo utosini tu. Na hata isiponyesha, hema la kurusha lina ngozi moja: pumzi za watoto watatu zitaganda kwenye paa na kuwadondokea asubuhi, nao wataapa kwamba limevuja.

Lilikuwepo jingine. Kona ya nyuma karibu na jenereta, hakuna anayelitazama kwa sababu halirushwi. Hilo lina ngozi mbili. Ya ndani ni chandarua cha matundu madogo, ya nje ni poliesta yenye utepe kwenye kila mshono, 3,000 paa na 5,000 sakafu. Nilifurahi kuona ni poliesta na siyo nailoni, kwa kuwa nailoni ikilowa hunyumbuka, paa linalegea usiku na unalazimika kutoka kukaza kamba mvuani. Jua nalo huila nailoni upesi zaidi. Fito zake ni za alumini, siyo zile za nyuzi za kioo zinazopasuka na kukuachia miba kiganjani. Mwenye banda, dada mfanyabiashara wa hapahapa mjini, aliniambia alilichagua mwenyewe Guangzhou kwenye maonesho ya Canton, yale makubwa ya Wachina yaliyoanza 1957 na kufanyika mara mbili kwa mwaka. Alibeba kumi tu aonje soko. Nililipa shilingi 240,000. Mzee wangu wa nyumbani nilimtajia nusu yake, na akisoma hapa ndipo atajua.

Jumamosi nikalipeleka Luchelele pamoja na mjukuu wangu. Mawe yetu hayahitaji kusimuliwa. Kigingi cha kwanza kilipinda kabla hakijazama sentimita tano, na vyote kumi na vinne vilikuwa hivyohivyo, vyembamba kama njiti za mishikaki. Nikaona nitumie mawe yenyewe. Unafunga kamba kwenye jiwe dogo la kutosha kiganja, unaliweka chini, halafu unaegesha jiwe kubwa mbele yake, upande wa hema. Kamba ikivutwa na upepo, dogo linajibana kwenye kubwa na halitoki. Hema nalo lilikuwa linasimama kwa fito zake bila kutegemea vigingi, la sivyo tungerudi nyumbani.

Mvua ilikuja saa tisa na nusu usiku, ikapiga kama dakika arobaini. Tulikuwa wakavu, isipokuwa viatu vya mjukuu, na hapo kosa ni langu: niliacha zipu ya ukumbini, kile kibaraza cha mbele ya hema, wazi kiasi cha mkono. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi walijaa kwenye ngozi ya nje hadi ikawa nyeusi, lakini chandarua hawakukipenya. Nilipobadilisha tochi ya kichwani kutoka mwanga mweupe kwenda mwekundu, wengi wakatawanyika. Ile tochi nayo niliinunua palepale, na katika vitu vyote vya lile banda ndiyo ambayo ningeinunua tena bila kufikiri. Vigingi nilivitupa. Mchomeleaji jirani yangu amenikatia nondo ya milimita 8 vipande vya sentimita 30, kaichonga ncha na kukipinda kichwa.

Sasa turudi kwenye fedha ya kamati. Manane kwa 95,000 ni 760,000. Kwa kiasi hicho unapata matatu ya yale mazuri: watoto tisa wamelala, kumi na watano wanawaangalia. Kwa hiyo mimi ningeacha mahema kabisa mwaka huu. Tafuta turubai moja zito la mita 8 kwa 6. Vijana 24 wanalala safu mbili za kumi na wawili, kila mmoja sentimita 60, na katikati panabaki njia ya wewe kupita na tochi. Mgongo wa turubai ushushe hadi chini uelekee ziwani, na juu ya mteremko chimba mfereji wa kina cha kiganja ili maji yazunguke. Ndani tundika vyandarua vyenye dawa. Vipo vinavyofumwa Arusha, dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe. Matundu yake ni mapana, hao wadudu wa ziwani watapita, lakini hawaumi. Anayetuletea malaria ni mbu, na huyo ndiye tunayemfungia mlango.

Utasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, maana maturubai ndiyo kazi yangu. Kweli kabisa. Kanunue kwa fundi mwingine, Misungwi wapo.

Mambo mawili kabla hujafunga kamba. Tembea ufukweni mchana: ukiona nyasi zimelazwa njia pana na kinyesi kimetapanywa hadi vichakani, hapo kiboko hupanda usiku kula, hamia pengine. Na jiko la mkaa lisiingie chini ya turubai wala ndani ya hema hata watoto wakitetemeka vipi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na aliyelala haamki.

*Shikamoo Mama. Tunakwenda Rubondo wanafunzi sita, siku nne. Nimeona pawabenki ya sola, ina kioo cha jua mgongoni, imeandikwa 50,000 mAh kwa shilingi 35,000 tu. Itatosha simu sita?*
*Mwanachuo, Nyegezi*

Marahaba mwanangu. Nami niliiona hiyo, nikainunua kwa ajili yako kabla hujaniandikia. Halafu nikaivusha barabara hadi kwa jirani anayeuza dagaa, nikaiweka kwenye mizani yake. Gramu 262.

Betri hazina uchawi, zina uzito, na mAh ni kipimo cha chaji zinazobeba. Zile za duara za lithiamu, ambazo fundi simu yeyote anazo mezani, moja ina gramu kama 45 na hubeba mAh 2,500 hadi 3,000, nzuri sana 3,500. Ili ufike 50,000 unahitaji betri kumi na tano au kumi na saba, yaani karibu robo tatu ya kilo kabla hujaweka ganda. Mwenye gramu 262 pamoja na ganda na kioo ana betri nne, tuseme mAh 12,000 akiwa na bahati. Niliifungua. Zilikuwa mbili, na pembeni yao kipande cha chuma kimegundishwa kuongeza uzito. Jirani wa dagaa alicheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe siyo wao peke yao wanaotiwa mchanga kwenye gunia.

Kioo cha jua nacho kina ukubwa wa kiganja, hakiwezi kuzidi wati moja na kitu. Kujaza pawabenki ya kweli ya mAh 10,000 kwa kioo hicho kunataka zaidi ya saa thelathini za jua kali, na wakati huo betri inaungua juani, kitu ambacho betri ya lithiamu haikipendi hata kidogo. Nunueni mbili za mAh 20,000 zenye uzito unaoeleweka, gramu 350 kwenda juu, mzijaze Mwanza kabla ya kuondoka. Na simu zizimwe usiku. Mnakwenda kisiwa kilichopelekewa sokwe miaka ya 1960 wakajifunza kuishi porini upya, mtazameni sokwe.

Ukiwa na mpango wa kupanda ndege nayo, zingatia hili. Mashirika ya ndege yanaruhusu mkononi betri hadi wati-saa 100, zaidi ya hapo hadi 160 kwa kibali, na kupita 160 hairuhusiwi. mAh 50,000 ukizidisha kwa volti 3.7 kisha ukagawanya kwa 1,000 unapata wati-saa 185. Ofisa wa uwanjani anasoma kilichoandikwa kwenye ganda, hana mizani ya dagaa. Utanyang'anywa kwa uongo wa mtu mwingine.

*Mama Turubai, habari za kazi? Huku kisiwani maji yetu ni ya ziwa. Nimesikia maonesho yalikuwa na chujio jipya la mkononi, unachota na kunywa papo hapo. Linazuia na kichocho?*
*Mama wa watoto wanne, Ukerewe*

Nzuri dada yangu, na salamu kwa Nansio. Nililiona: mrija mnene kama gunzi la mahindi, ndani una vijinyuzi vingi vyenye matundu ya mikroni 0.1. Bakteria ni wakubwa kuliko hapo, hata wa kipindupindu hawapiti. Amiba nao hawapiti. Virusi ni wadogo mno, hao wanapita, kwa hiyo mahali penye vyoo karibu na maji usiache kuchemsha au kutia dawa ya klorini kwa sababu una mrija. Maji ya tope pia yataliziba mapema, yaache yatulie kwanza kwenye ndoo, uchuje kwa kitambaa, ndipo utumie mrija. Lina bomba dogo kama la sindano la kusukumia maji kinyumenyume, ukilipoteza hilo umepoteza chujio.

Lakini kichocho, dada, hakikusubiri mdomoni. Kinapita kwenye ngozi, mtoto akiwa amesimama majini anachota au anaoga. Chujio la kunywea halimsaidii hata chembe. Vile vidudu vinavyotoka kwenye konokono haviishi muda mrefu, kwa hiyo maji ya kuogea chota, funika, yaache siku mbili kamili yasiyo na konokono ndani. Au yachemshe, uache yapoe. Nenda na watoto zahanati mkapimwe, mkiambiwa mmeze dawa mmeze.

*Mfuko wa kulalia wa nyuzi 5 chini ya sifuri, je, unafaa Mwanza?*
*Msomaji, Igoma*

Haufai. Usiku wetu ni nyuzi 17 au 18, utapikwa. Chukua vitenge viwili, vishonee pande tatu. Huo mfuko mtunzie anayekwenda kulala ukingoni mwa Ngorongoro, mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, huko hataucheka.

*Shikamoo Mama. Mimi hupiga kasia mtumbwi wa plastiki kwa mazoezi. Kulikuwa na mkanda wa kiunoni, mdogo kama pochi, ukivuta kamba unajaa hewa na kuwa boya. Nimechoka na jaketi okozi, linanichoma joto. Nibadilishe?*
*Kijana, Musoma*

Marahaba. Nilimvuta mwenye banda atuoneshe. Alivuta kamba, kichupa cha gesi kikalia *pshh*, pochi ikawa boya mbele ya tumbo lake kwa sekunde chache. Vizuri. Nikamuuliza, na sasa? Akasema sasa unalivalisha shingoni kwa mikono yako. Nikamwambia afanye hivyo akiwa amefumba macho na mkono mmoja umefungwa, kama mtu aliyegongwa na mtumbwi kichwani. Akakataa kwa adabu.

Kichupa kile kinatumika mara moja tu, baada ya hapo unahitaji kingine cha kipimo kilekile, na Mwanza nzima sijakiona kinauzwa. Baki na jaketi la sponji. Tazama ndani yake herufi N: 50 ni la anayejua kuogelea akiwa karibu na pwani, 100 ni la maji yaliyotulia, 150 ni la mbali. Kwako wewe uendaye na kurudi ufukweni, 50 la wapiga kasia limekatwa wazi kwapani na halichomi kama unavyodhani. Ukivuka kwenda visiwani, vaa 150. Mimi nilikuwa Mwanza Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Joto nalivumilia.

*Mama, umechelewa. Mimi nilishanunua hema la kurusha. Lilifunguka vizuri sebuleni. Siku ya nne leo halirudi mfukoni, na wageni wanakuja Jumapili.*
*Baba wa familia, Nyakato*

Pole sana kaka yangu. Lisimamishe kwa ubavu, ukutanishe duara la mbele na la nyuma hadi liwe bapa kama chapati iliyokunjwa mara moja. Shika ncha ya juu, isukume chini na mbele, kama unayemwinamisha mtu mbishi aingie kwenye daladala, huku goti lako likizuia ncha ya chini. Utaona linataka kujigawa kuwa miduara miwili. Liache lifanye hivyo, telezesha mmoja juu ya mwenzake, kaza mkanda upesi kabla halijabadili mawazo. Watoto wakae mbali, ile waya ikifyatuka inapiga.

Likikataa usione aibu. Yule kijana wa Furahisha alirusha mahema siku nzima, na jioni nilimwona getini akisaidiwa na wenzake wawili kuyapandisha juu ya guta, yote sita yakiwa wazi, yamefungwa kwa kamba ya katani.